Mkono wa Mama Taipu

Barua ya kumwita binti yake mbele ya kamati, Mama Taipu aliitoa mwenyewe, kwenye printa yake mwenyewe, kwa wino wake mwenyewe. Binti aliingia dukani saa nne asubuhi, hakusalimia, akamnyooshea simu. "Nitolee hii, mama. Nakala mbili." Karatasi ilipotoka mama akaisoma, maana hajawahi kutoa karatasi asiisome. Na kabla hajaelewa inasema nini, aliona kwamba sentensi ya pili imebeba mambo matatu kwa mpigo na imeelemewa, na vidole vikamwasha. Huyo ndiye Mama Taipu. Nyumba inaweza kuwaka moto, yeye akaangalia kwanza kama mlango umepakwa rangi vizuri.

Halafu akaelewa. Barua ilisema kwamba tasnifu ya binti, ile ya nyimbo za wanawake wa kiwanda cha nguo, "imebainika kuwa na dalili za mkono wa mtu mwingine, hususan sura ya tano". Afike Ijumaa, saa tisa alasiri. Aje na mtu aliyeichapa.

"Mkono wa mtu gani mwingine?" Binti alijitupa kwenye kiti cha wateja, kile chenye mguu mmoja uliofungwa waya. "Miaka miwili nimekwenda kile kiwanda. Nimekaa na wale akina mama kwenye vyerehani, nimerekodi nyimbo tisini na mbili. Sura ya tano nimeiandika nikiwa na homa. Kila neno ni langu, mama. Si wewe shahidi?"

"Mimi shahidi," mama akasema, akazigonga zile nakala mbili mezani ili kingo zilingane, ingawa zilikuwa zimelingana.

Sasa tuseme ukweli, maana hapo dukani haukusemwa. Mama Taipu alikuwa na ugonjwa mmoja, na ugonjwa wenyewe ulimwanza zamani, tangu enzi za taipureta iliyompa jina. Hakuweza kuchapa sentensi inayochechemea. Mwanafunzi wa misitu alileta kazi yake, mwanafunzi wa ualimu akaleta yake, na mama akichapa huku akiinyoosha, anakata hapa, anageuza pale. Hakuna aliyemtuma wala aliyemuuliza. Wateja walijua jambo moja tu, kwamba kazi iliyopita kwa Mama Taipu huwa haigombi na wasahihishaji, na wakaambizana, na duka hilo dogo mbele ya lango la chuo likawa halikosi watu.

Kwa binti yake ugonjwa ulizidi. Sura nyingine zilichapwa binti akiwa amesimama nyuma ya kiti, hazikuguswa, lakini ya tano haikuwa na mlinzi. Binti alileta daftari la sura ya tano akiwa anatetemeka kwa homa, kurasa tisa, hoja nzuri nzuri zinakanyagana kama watu kwenye mlango mmoja. Mama alikuwa ameshazisikiliza zile nyimbo zote tisini na mbili kwenye vipokea sauti wakati wa kuzichapa. Aliwajua wale wanawake kwa sauti zao, anayekohoa, anayeanza wimbo kabla ya wenzake. Akakaa na zile kurasa tisa wiki tatu. Zikawa ishirini na nne. Binti alipopona akazisoma, akasema, "Kumbe nilikuwa najua vitu hivi."

Mama alifurahi siku hiyo kuliko siku aliyojifungua. Hapo ndipo alipokosea. Angesema neno moja tu. Lakini utamwambiaje mtoto anayejitazama na kujipenda kwamba kioo si chake?

*

Jioni ile binti alimweleza baba yake mambo yalivyo. Baba alikuwa mchomeleaji wa mageti na madirisha, mtaa mzima ukimwita Fundi, mpaka macho yake yalipoliwa na mwanga wa kuchomelea. Sasa alishinda nyumbani, akichambua maharage kwa vidole na kupiga soga. Yeye alimwita binti yake Profesa tangu mtoto akiwa na miaka sita, na hakuwa anatania hata kidogo.

"Haya, Profesa. Huo mkono wameupimaje? Kwa rula?"

"Kuna mwalimu mmoja, baba. Tunamwita Bwana Mizani. Maisha yake yote anasomea jambo moja tu, nani kaandika nini. Alinifundisha mwaka wa kwanza. Kuna mashairi yalikuwa yamekaa miaka chini ya jina la mtu mwingine, yeye akayapima akayarudisha kwa marehemu aliyeyatunga. Watoto wa marehemu walilia."

"Anayapimaje?"

"Anahesabu vineno. Si maneno makubwa, yale tunayachagua. Anahesabu yale madogo. Mimi natumia 'lakini' mara ngapi, wewe 'ila' mara ngapi. Sentensi zako zina urefu gani. Unaanza vipi. Hayo yanatoka yenyewe, mtu hayaangalii."

Fundi akatikisa kichwa taratibu. "Namwelewa. Mimi nipitishe mtaani sasa hivi na upofu wangu huu, nikipitisha kidole kwenye kiungo nakwambia geti hili nimechomelea mimi. Hata wakilipaka rangi mara kumi."

"Basi sura yangu ya tano hailingani na sura zangu nyingine," binti akasema, na sauti ikaanza kumponyoka. "Inalingana na tasnifu nyingine kumi na moja. Za watu tofauti, miaka tofauti. Misitu, ualimu, mpaka uhasibu. Zote zimechapwa kwa mama."

Mama alikuwa amesimama kwenye beseni, anaosha sahani iliyokwisha takata.

"Wanadhani mama anauza tasnifu." Binti akacheka huku machozi yakimtoka. "Mama! Mtu wa darasa la saba! Mama ambaye hata barua ya shangazi ananiambia nimwandikie mimi. Sijui nicheke au nilie. Ijumaa watampa karatasi aandike mbele yao, waipime. Ikilingana, shahada imefutwa na ile nafasi ya ualimu waliyonipangia imekwenda. Na hao kumi na moja wataitwa pia. Lakini haiwezi kulingana, sasa italingana vipi?"

"Haiwezi," mama akasema kwenye beseni.

Fundi aliacha kuchambua maharage. Aligeuza uso kuelekea ule upande maji yalikokuwa yanamwagika, akabaki hivyo.

*

Alhamisi mchana Mama Taipu alibandika karatasi mlangoni, NIMETOKA KIDOGO, akajifungia ndani. Akatoa sura ya tano. Akatoa na zile kazi nyingine kwenye kompyuta, yule wa misitu, yule wa ualimu, wale aliowakumbuka. Akachukua penseli.

Alitaka ajue adui yake anafananaje, basi. Akaanza kuzungushia duara kila "ila". Zilikuwa nyingi mpaka akaona aibu. Pale ambapo watu wote duniani wanasema "lakini", yeye alikuwa ameweka "ila". Akaona anavyopenda kuanza na "Tena". Akaona sentensi zake, fupi, fupi, halafu moja ndefu, halafu fupi tena. Kwenye miti ya yule wa misitu alikuwemo. Kwenye hesabu za yule wa uhasibu, kavu kama zilivyo, alikuwemo, kajikunyata baina ya tarakimu mbili. Miaka yote hiyo alidhani anafagia tu nyumba za watu. Kumbe alikuwa anaacha nyayo.

Akafika kwenye ukurasa wa mwisho wa sura ya tano, pale alipoandika: "Wimbo huu hauna jina la mtunzi. Tena hakuna aliyewahi kulitafuta. Wanasema hauna mwenyewe, ila mwenyewe alikuwa palepale, kwenye cherehani cha tatu, na hakuulizwa." Akaisoma mara mbili. Akaweka penseli chini. Alikuwa na miaka hamsini na nne, na ndiyo kwanza anajisoma.

Mlango ukagongwa kwa fimbo. Alikuwa Fundi, amepapasa ukuta kutoka nyumbani mpaka hapo.

"Mume wangu, ungegongwa na gari."

"Zina breki." Akakalia kile kiti kibovu. "Ile sura ni yako."

"Nani kakwambia?"

"Si alinisomea yote Profesa, siku ile imetoka? Nikasema, mbona huyu anaongea kama mke wangu akinigombeza. Maneno mawili mafupi, halafu moja refu la kunimaliza." Akatabasamu, halafu tabasamu likaisha. "Mwambie mtoto."

"Nimwambie nini? Nimvue nguo siku moja kabla ya kusimama mbele za watu? Hoja ni zake. Kazi yote ya kiwandani ni yake. Mimi nilinyoosha tu."

"Kurasa tisa zikawa ishirini na nne. Hiyo si kunyoosha."

Mama akaigeuza sura ya tano kifudifudi mezani.

"Ukikubali ni wewe, yeye hana kitu," Fundi akasema. "Ukikana, wewe ndiye huna kitu."

"Mimi nilikuwa na nini?"

Fundi akasogea karibu. Akanyoosha mkono akaupata mkono wa mkewe, akapitisha kidole gumba kwenye ncha za vidole vyake, kimoja baada ya kingine, kama alivyokuwa akikagua chuma.

Alipoondoka, mama akachukua karatasi tupu akaanza kufanya mazoezi. Alimkumbuka mteja mmoja, bwana wa mbegu za nyasi, ambaye sentensi yake moja ilikuwa inakula ukurasa mzima na haifiki popote. Akamuiga yule bwana. Akaandika "lakini" mpaka mkono ukazoea. Kila "ila" ikijitokeza alichana karatasi akaanza upya. Saa kumi na moja kapu la taka lilikuwa limejaa.

*

Kwenye chumba cha kamati kulikuwa na viti sita na watu sita, binti akiwamo, kwa hiyo mama alisimama mpaka katibu alipomletea stuli kutoka chumba cha mfagizi. Binti alikaa pembeni, magoti yamebanana. Mwenyekiti alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, si mtu mbaya, ila alizungumza na Mama Taipu kwa sauti ya juu na polepole, kana kwamba hasikii.

"Mama. Kalamu. Unaweza kuandika kwa kalamu? Au umezoea mashine tu?"

"Naweza kidogo."

"Hicho kidogo kinatosha. Andika ukurasa mmoja. Tueleze kazi unayoifanya. Kwa maneno yako mwenyewe."

Wakampa karatasi yenye mistari, ya watoto wa shule. Bwana Mizani alikuwa kwenye kona, kijana mwembamba wa shati lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Hakumtazama usoni, alitazama kalamu.

Mama Taipu akainama. Kwa maneno yako mwenyewe. Alikuwa hajawahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote, si shuleni, si nyumbani, si na mteja. Na ghafla, bila kuitwa, sentensi ikaja yote, imekamilika: Nimeandika vitabu vingi, ila jina langu liko kwenye risiti tu. Ilikaa mbele ya macho yake, safi. Nyuma yake zilikuwa zimepanga foleni nyingine, zinasubiri zamu. Akainua macho akamwona binti yake anang'ata kucha ya kidole gumba, kama alivyokuwa anafanya akiwa darasa la kwanza.

Akaimeza. Akaandika: Mimi ninafanya kazi ya kuchapa na kazi hii ya kuchapa ninaifanya kwa muda mrefu lakini ni kazi ambayo inahitaji uvumilivu kwa sababu wateja ni wengi lakini mashine ni mbili lakini pia wateja hao wanakuja na haraka na mimi nawaambia wasubiri. Akaendelea hivyo hivyo mpaka mstari wa mwisho. Jasho lilimtoka kwenye nywele. Hajawahi kuandika kitu kwa taabu kiasi hicho.

Mwenyekiti akaisoma ile karatasi kwa sauti. Alipofika kwenye "lakini" ya tano, mmoja wa wajumbe akaziba mdomo kwa kiganja. Mwingine akatazama dirishani, mabega yanatikisika. Mwenyekiti mwenyewe alimaliza, akavua miwani, akasema kwa upole wa kweli, "Ahsante sana mama. Umejitahidi." Akamgeukia Bwana Mizani. "Nadhani tumemsumbua mama wa watu. Au una la kusema?"

Bwana Mizani alikuwa ameichukua ile karatasi. Kidole chake kilishuka mstari kwa mstari, kikarudi juu, kikashuka tena.

"Hakuna 'ila' hata moja," akasema.

"Kwa hiyo si yeye."

"Ukurasa mzima. Hata moja." Alikuwa anaongea kama mtu anayejiongelesha. "Watu wote huwa zinawatoka mbili tatu."

Mama Taipu alihisi stuli inayumba. Mazoezi yote yale, akasahau kwamba hata wasiolipenda hilo neno hulitumia mara moja moja. Amefagia mno. Bwana Mizani akainua uso, na kwa mara ya kwanza akamtazama, akatazama na mikono yake iliyolala magotini, vidole vimekaa kwenye mpangilio wa herufi hata pasipo na mashine.

"Sasa unasemaje?" Mwenyekiti akauliza.

"Nasema," akairudisha karatasi mezani, "hesabu hazilingani."

Ikaandikwa hivyo kwenye kumbukumbu za kikao.

*

Nje, kwenye korido, mama alikuwa ameegemea ukuta akimsubiri binti asaini fomu, Bwana Mizani akatokea. Alisimama karibu, akashika vitabu vyake kifuani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Ile sura ya tano nimeisoma mara nne. Mara moja tu ndiyo ilikuwa ya kuhesabu." Akatazama chini. "Pale kwenye cherehani cha tatu palinishinda. Nilitaka kumjua aliyepaandika, basi. Sikuwa na nia ya kumuumiza mtu."

Mama Taipu alimtazama yule kijana. Mtu mmoja, katika miaka yote hiyo, aliyekuwa amemtafuta. Alikuwa amempata, na yeye ndiye asiyeweza kufungua mlango.

"Aliyepaandika ni binti yangu," akasema.

"Basi naomba umfikishie pongezi zangu."

"Nitamfikishia."

Akaondoka, viatu vyake vikilia kwenye sakafu mpaka mwisho wa korido.

Binti alitoka mbio akamkumbatia mama yake kwa nguvu mpaka kilemba kikalegea. "Imepita. Mama, imepita. Wamesema nirekebishe ukurasa wa shukrani tu, nikutaje, ijulikane wazi nani kachapa. Jumatatu nikikabidhi nakala nimemaliza." Wakatembea wameshikana mikono mpaka kwenye ngazi, na hapo binti akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyetoka kwenye hatari. "Ila ile karatasi yako, mama. Samahani. Walipokuwa wanaisoma niliona aibu, nikasema Mungu wangu, maliza haraka. Halafu nikaona ndiyo inatuokoa."

"Si umeona," mama akasema.

"Nikianza kazi, mshahara wa kwanza, nakulipia masomo ya jioni. Kweli tena. Kuna walimu wazuri. Watakufundisha kuandika vizuri tu, huna sababu ya kukaa hivyo."

Mama Taipu alisimama kwenye ngazi kama anayevuta pumzi. Binti akadhani amechoka, akamsubiri.

"Nitashukuru, mwanangu," akasema.

Nyumbani, Fundi aliwasikia wanavyoingia. Nyayo za binti zilikuwa nyepesi. Za mkewe alizisikiliza mpaka zikafika jikoni. Akampongeza Profesa wake kwa sauti kubwa, akacheka naye, na binti alipotoka kuwapigia simu rafiki zake, yeye akainamisha kichwa akalia bila sauti, kwa yale macho yasiyofaa kwa kazi nyingine.

*

Jumatatu asubuhi binti alileta ukurasa wa shukrani, umeandikwa kwa mkono. "Nimeuandika mwenyewe jana, mama, nimeandika kutoka moyoni. Nichapie, narudi saa tano." Akambusu shavuni, akaenda zake.

Mama Taipu akavaa miwani. Msimamizi alikuwa ameshukuriwa, maktaba imeshukuriwa, wanawake wa kiwandani wameshukuriwa. Akafika mwisho.

"Pia namshukuru mama yangu mzazi ambaye yeye ndiye alichapa kazi hii yote kuanzia mwanzo mpaka mwisho pamoja na kwamba elimu yake ni ndogo lakini alijitahidi sana na bila yeye kazi hii isingekuwa kama ilivyo lakini makosa yote yaliyomo ni yangu."

Mikono ikaenda yenyewe. Neno la kwanza la kukata lilikuwa wazi, na pale katikati ndipo pa kuivunja. Akaiona tayari jinsi ingekuwa, mistari miwili, mizuri, ya kumtoa mtu machozi. Hata "ila" mahali pake aliiona.

Akairudisha mikono magotini. Mteja mmoja akachungulia mlangoni, akaona hajageuka, akasema atapita baadaye.

Kisha akaichapa neno kwa neno kama alivyoandika mtoto, na "lakini" zote mbili, na akaisoma tena kuhakikisha hajagusa kitu.